Bati Lisilotaka Kuitwa Karatasi

Iko nchi moja, na msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani kwa kuwa ramani zake huchorwa ikulu na kila mwaka huongezwa ukubwa, ambayo iliamka asubuhi moja ikajikuta tajiri. Utajiri wenyewe ulianzia kwenye uharibifu. Mashine ya kiwanda chake cha mabati, nacho kilikuwa kimoja tu, ilibana kupita kiasi, ikakosa mtu wa kuilegeza kwa sababu fundi aliyeijua alikwisha kustaafishwa kwa kosa la kujibu maswali kabla ya meneja. Bati likawa linatoka jembamba kama ganda la kitunguu. Linang'aa, na mtu akipiga chafya linatetemeka.

Meneja alikipeleka kipande kwa Mtukufu Rais huku akitetemeka kuliko bati lenyewe. Mtukufu akakiinua juani, akauona uso wake umo ndani, akafurahi.

"Hili ndilo bati bora duniani," alisema. "Wenzetu wanatengeneza zito kwa kuwa jepesi limewashinda."

Kufikia alasiri nchi ilikuwa na Wizara ya Vitu Vyembamba. Uwaziri alipewa Mheshimiwa Bungala, mtu mnene kuliko wote barazani, na redio ikaeleza kwamba hiyo ni kwa ajili ya kuleta uwiano.

Bahati ikazaa bahati. Nchi jirani ya ng'ambo ya mto ilikuwa ikitafuta foili kwa udi na uvumba. Walitaka ya kufungia majani ya chai na vidonge vya hospitali, na ya kuwafunika kuku wa kuchoma. Waliposikia habari za bati lile wakatuma agizo la lori zima. Ndipo akatafutwa dereva wa kulipeleka, akapatikana Lukinga Sadala.

Lukinga alikuwa mtu wa makamo, mpole, hana maneno mengi. Aliishi katika nyumba ya kiwanda pamoja na mkewe, Zawena, na dada yake mkubwa, Sikudhani. Huyu dada ndiye aliyemlea. Wazazi wao walifariki Lukinga akiwa mdogo wa kubebwa mgongoni, na Sikudhani, aliyekuwa msichana tu, akazikataa posa zilizomjia kwa kuwa hakuna mchumba aliyekubali kuoa mke na mtoto wa kunyonyeshwa uji. Sasa alikuwa mzee, miguu imemvimba, lakini asubuhi ya safari alijikongoja mpaka mlangoni.

"Nenda salama, mwanangu," alimwambia, maana hakuwahi kumwita mdogo wangu. "Kesho tutakula pamoja."

Lori liliagwa kwa matarumbeta. Utingo wake Lukinga aliteremshwa ili mpiga picha wa Wizara apate pa kukaa. Walipofika mpakani, mpiga picha naye akateremka, akasema picha zimetosha. Kwa hiyo Lukinga alibaki peke yake kwenye lori.

Mpaka wenyewe ulikuwa daraja refu la zege. Huku kulikuwa na kizuizi cha nchi yake, kule kizuizi cha jirani. Afisa wa huku aliitwa Kigumi, mtu mwenye masharubu yaliyonyooshwa kwa mafuta. Aliigonga muhuri pasipoti ya Lukinga: AMETOKA. Akapiga saluti, kizuizi kikapanda, lori likapita, kizuizi kikashuka.

Upande wa pili alisimama Inspekta Debora, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, pamoja na mbuzi. Mbuzi huyo alikuwa mwajiriwa wa serikali. Sheria ya nchi jirani ilisema bati lolote linaloingia lazima liweze kumbeba mbuzi, kwa sababu huko mbuzi hupenda kupanda mapaani.

"Umebeba nini, kaka?" aliuliza.

"Bati, dada."

Bati likatandazwa juu ya fremu, mbuzi akapandishwa. Hakusimama juu yake hata kufumba na kufumbua. Alipita katikati, akatokea chini akiwa amevaa foili shingoni kama bibi harusi aliyevaa mkufu, akaanza kuutafuna.

Inspekta Debora alicheka, kisha akaona uso wa Lukinga, akaacha.

"Kaka yangu, hii ni foili. Karatasi ya bati. Na sisi foili ndiyo tuliyoagiza. Sema tu kwamba umeleta karatasi, upite sasa hivi, wala ushuru hakuna."

Neno moja tu. Lakini Lukinga alikumbuka mtunza stoo wa kiwandani, aliyeteleza ulimi akaliita bati la Mtukufu karatasi. Alichukuliwa kwenda kwenye mafunzo ya msamiati, na mpaka leo hajahitimu. Familia yake ilitolewa kwenye nyumba ya kiwanda jioni ile ile, vyombo vikaanikwa barabarani. Lukinga akamwona dada yake na miguu yake ile, ameketi juu ya ndoo kando ya barabara.

"Ni bati, dada," alisema. "Samahani sana."

Akageuza lori. Kizuizi cha kwao hakikupanda.

"Huwezi kuingia," alisema Kigumi. "Mabati ya kigeni yamepigwa marufuku, ili kulinda kiwanda chetu."

"Ya kigeni vipi, afande? Si yametoka hapa sasa hivi?"

"Ndiyo. Yametoka. Kitu kilichotoka ni cha nje."

"Basi nilitelekeze lori, nirudi kwa miguu."

"Wewe nawe umetoka," Kigumi alisema, naye alionekana kusikitika kidogo. "Mtu aliyetoka akitaka kuingia anahitaji viza. Viza hutolewa na ubalozi wetu."

"Uko wapi huo ubalozi?"

Kigumi alinyoosha kidole kuelekea ng'ambo, juu ya kichwa cha Inspekta Debora, ulipo mji mkuu wa nchi jirani, ambako dereva haingii kabla mzigo wake haujapita.

Hivyo ndivyo Lukinga Sadala alivyohamia darajani.

Mwanzoni alidhani ni jambo la kupita. Alifagia zege kuzunguka lori, akafua shati, akalianika kwenye kioo cha pembeni. Inspekta Debora alimsukumia sahani ya ugali na maharage chini ya kizuizi chake, na Kigumi, asipoonwa na mtu, alimsukumia kikombe cha chai. Hakufa njaa. Lakini chakula cha kusukumiwa hakikaribishwi wala hakikaribishi, na Lukinga alijikuta anasema "karibu" kabla ya tonge la kwanza, kisha anangoja, kisha anakula.

Upepo ukivuma, mabunda ya bati nyuma ya lori yalinong'ona. Yalitoa sauti kama ya watu waliomo chumba cha pili, wanaoongea jambo linalokuhusu. Mara kadhaa aliteremka kwenda kutazama. Hapakuwa na mtu. Upande wa kwao zilivuma ngoma za harusi, naye hakuwa mwalikwa. Upande wa jirani ulisikika wimbo wa mazishi, naye hakumjua marehemu. Mto ulipita chini yake bila kuulizwa pasipoti.

Siku ya gulio Zawena alikuja. Alikimbia moja kwa moja hadi kizuizini akiwa na kapu kichwani, Kigumi akamzuia kwa kiganja.

"Mama, yule yuko nje ya nchi. Mazungumzo na nje ya nchi hupitia kipaza sauti cha serikali. Na ni habari njema tu zinazoruhusiwa kuvuka mpaka. Hatutaki kuchafua jina la taifa."

"Mimi nataka kuongea na mume wangu."

"Ongea. Nitakushikia."

Kwa hiyo Zawena, ambaye hata kumwita mumewe kwa jina mbele za watu alikuwa akiona haya, alisogeza mdomo kwenye kipaza sauti, na sauti yake ikaenda ikagonga milima ya nchi mbili.

"MUME WANGU, HUJAMBO?"

"SIJAMBO!" Lukinga alijibu kwa kukinga viganja mdomoni. "DADA HAJAMBO?"

"HAJAMBO! ANAKUULIZIA! MIGUU INAM—"

Kigumi alikizima kipaza sauti. Wakateta kidogo, kisha kikawashwa tena.

"MIGUU YAKE INALIPENDA TAIFA!"

Ng'ambo, Inspekta Debora aliinamisha kichwa, akajifanya anamkagua mbuzi.

Ikawa ndiyo desturi yao. Kila gulio Zawena alikuja, wakapigiana kelele za hujambo na sijambo, mvua njema, mahindi mema, Mtukufu ana afya. Lukinga alikuwa na mengine ya kumwambia. Alitaka kumwambia kwamba amesahau harufu ya nyumba yao, kwamba wakati mwingine huongea na usukani. Maneno ya namna hiyo hayapigiwi kelele. Aliyameza, na Zawena aliondoka na kapu lake, akigeuka kila hatua mpaka njia ikamficha.

Serikali nayo haikukaa kimya. Siku moja Mheshimiwa Bungala alifika na msafara, na wote waliokuwamo walivaa tai za bati jembamba, zikimeremeta hata mbuzi wa ng'ambo akapiga kelele za tamaa. Waziri alipanda jukwaani upande wa kwao.

"Ndugu wananchi!" alianza. "Wako wanaosema bati letu limekwama. Uongo! Bati letu halijakwama. Bati letu *limesimama*. Na kitu kinachosimama ni kitu chenye msimamo! Adui anataka tuliite karatasi. Leo aliite karatasi, kesho ataliita jeshi letu bahasha! Na kule darajani mnamwona nani? Mnamwona shujaa Lukinga Sadala, anayeishi nje ya nchi kwa gharama zake mwenyewe. Kuanzia leo ninamtangaza kuwa Balozi wa Kudumu wa Darajani!"

Makofi yalipigwa. Waziri akaelekeza kipaza sauti upande wa daraja.

"Mheshimiwa Balozi! Una ombi lolote kwa serikali yako?"

Lukinga alisogea hadi alipoweza kuona jasho kwenye shingo ya Waziri.

"Naomba kurudi nyumbani," alisema.

"Anasemaje?" aliuliza Waziri.

Kigumi alikauka pale pale. Masharubu yakamcheza.

"Anasema, Mheshimiwa, anaomba aongezewe muda wa kulitumikia taifa."

"Amepewa!" alisema Waziri, na matarumbeta yakalia.

Baada ya hapo mambo yaliingia mikononi mwa wataalamu, na msomaji anajua jambo likifika huko. Tume ya pamoja ya nchi mbili ilikutana hotelini. Wataalamu wa huku walileta kamusi, wa kule wakaleta mbuzi wa akiba. Wakaafikiana juu ya tarehe ya kutoafikiana tena. Mahindi kando ya mto yalipandwa, yakavunwa, yakapandwa upya. Nywele za Lukinga zilishuka hadi kwenye ukosi. Alipozoea kabisa upweke, ukawa haumuumi kama jeraha bali unamchosha kama kubeba mzigo ambao huoni pa kuutua.

Kisha likaja gulio moja ambalo Zawena alisimama kizuizini bila kapu.

"DADA HAJAMBO?" Lukinga aliuliza kama kawaida.

Zawena alimtazama Kigumi. Kigumi, mkono umeshika kipaza sauti, alitazama mto.

"HAJAMBO," ilijibu sauti ya Zawena, na milima ikaitikia: hajambo, hajambo. "AMEPUMZIKA."

"VIZURI! MWAMBIE AENDELEE KUPUMZIKA!"

Zawena alifunika uso kwa ushungi, akaondoka. Safari hii hakugeuka.

Gulio lililofuata hakuja, wala lile la baada yake. Lukinga alichana nywele, akavaa shati safi, akasimama mahali pake tangu jua linachomoza hadi linakaa utosini. Alimuuliza Kigumi. Kigumi akasema hana kibali cha kujua. Ndipo Lukinga alipouonja upweke wenyewe. Ule wa kwanza ulikuwa na mtu wa kumngoja, na huo si upweke, ni foleni tu. Alikaa kwenye lori, bati likanong'ona nyuma yake, na kwa mara ya kwanza hakuteremka kwenda kutazama.

Kumbe Zawena alikuwa Wizarani. Alikwenda kuomba pasipoti ili amfuate mumewe, akaambiwa pasipoti hupewa mtu mwenye mwaliko kutoka nje. Akauliza kama daraja haliwezi kumwalika. Akatolewa. Lakini alipokuwa akishuka ngazi aliliona tangazo ukutani: lori la Balozi wa Darajani lilikuwa halina utingo, jambo lililo kinyume cha kanuni za usafirishaji. Akapanda ngazi tena.

Mabwana wa usaili walimtazama, mwanamke wa makamo aliyejifunga kanga ya msiba.

"Kazi ya utingo unaijua?" walimuuliza.

"Kazi ya utingo ni kungoja," alijibu Zawena. "Miaka yote nimeishi na dereva. Hakuna aliyengoja kunizidi."

Wakampa ovaroli. Na hapo sheria ilikuwa na uzuri wake, kwa maana nchi ile haikumhesabu utingo kuwa mtu. Alihesabiwa kifaa cha gari, kama jeki na tairi la akiba. Kifaa hakihitaji pasipoti. Kinatoka, na kikiharibika kinarudi kutengenezwa.

Lukinga alimwona mtu wa ovaroli akija darajani, kofia imeshuka machoni, akadhani ni mkaguzi. Mtu huyo alikuwa amekaribia sana Lukinga alipomtambua kwa mwendo. Hakukimbia. Alishika mlango wa lori, kana kwamba daraja limeyumba.

Waliingia ndani, wakafunga milango. Zawena alizigusa nywele za mumewe, akautazama usukani, shati lililoanikwa, kikombe kimoja.

"DADA HAJAMBO?" Lukinga aliuliza.

Zawena alimwekea kiganja mdomoni.

"Taratibu, mume wangu. Nipo hapa."

Kisha akamwambia, kwa sauti ambayo kipaza sauti chochote kisingeweza kuipata.

"Wifi ametutoka. Ni tangu mahindi yalipokuwa yanabeba. Alilala mchana, akasema amechoka, hakuamka. Nilikuja siku ile kukwambia, nikakatazwa. Wakasema msiba ukivuka mpaka ni kuchafua taifa. Ningekupigia kelele hata bila kipaza sauti chao, lakini nikakutazama umesimama peke yako pale katikati. Nikasema, huyu nikimwambia akianguka, nani atamshika? Ndiyo maana nimekuja."

Lukinga alikunja mikono juu ya usukani, akaweka paji la uso juu yake. Zawena alimshika bega. Mabega yale yalianza kutikisika, kwanza kidogo, kisha lori lenyewe likatikisika, na bati lote huko nyuma likaanza kulia kwa sauti yake nyembamba.

Inspekta Debora alisikia. Alitoka kwenye kibanda chake, akavua kofia, akasimama hivyo.

Mwisho Lukinga aliinua kichwa, akachomoa ufunguo, akauweka juu ya kiti. Akateremka. Alitembea akielekea kizuizi cha kwao, mkewe nyuma yake.

"Simama," alisema Kigumi. "Viza yako iko wapi?"

"Nakwenda kumlilia dada yangu."

"Balozi, mimi nina amri."

"Najua, afande. Nimekaa nayo hapa muda mrefu." Sauti yake haikuwa na ukali. "Mama yangu simkumbuki uso. Huyo ndiye niliyemjua. Amezikwa, sijatia hata konzi la udongo. Ukitaka kupiga, piga, lakini mimi napita."

Kigumi alimtazama, kisha akautazama mto ule ule alioutazama siku ile. Masharubu yake yalikuwa yamelegea.

"Utingo," alimwita Zawena kwa sauti ya kazi. "Unarudi?"

"Narudi, afande."

"Kwa sababu gani?"

Kigumi akajibu mwenyewe.

"Umeleta kifaa kibovu kutengenezwa. Nakiona. Kimeharibika sana." Akakipandisha kizuizi. Lukinga alipokuwa akipita, Kigumi alivua kofia, akaongeza kwa kunong'ona: "Nilikuwa na mdomo, nikauacha ufungwe. Nisamehe. Lakini sikiliza. Dereva Lukinga Sadala bado yuko nje ya nchi. Redio itasema hivyo, na ndivyo itakavyokuwa. Mtu akikusalimu tu, atakuwa amewasiliana na nje bila kibali. Watamchukua."

Na redio ikasema hivyo. Kila asubuhi, kabla ya taarifa ya habari, ilimtumia salamu Balozi wa Kudumu aliyeko darajani, anayetabasamu, mwenye afya njema. Lukinga alizisikia salamu hizo akiwa amekaa kwenye mkeka nyumbani kwake. Mtaani alipopita, watu waliomjua tangu utotoni waliinama kufunga viatu visivyo na kamba. Rafiki yake wa zamani alimwona makaburini, machozi yakamtoka, akageukia mti, akaupa mti pole.

Hakuwachukia. Walikuwa na watoto, na walikaa kwenye nyumba za kiwanda.

Alasiri moja alikuja Mama Tabia, bibi wa nyumba ya tatu, shoga mkubwa wa marehemu tangu usichana wao. Alipiga hodi, akakaribishwa, akaketi kwenye mkeka. Lukinga alikuwa ameketi papo hapo, magoti yao yakikaribia kugusana. Mama Tabia hakumtazama. Alimtazama Zawena, lakini mkono wake mkavu ulitambaa juu ya mkeka, ukautafuta mkono wa Lukinga, ukaukamata.

"Mwanangu Zawena," alisema, "mumeo akirudi kutoka huko aliko, mwambie tumempa pole sana. Mwambie dada yake hakuteseka. Alikufa akimtaja yeye. Mwambie tulimzika vizuri, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwosha."

Zawena alimgeukia mumewe.

"Ahsante, mama," alisema Lukinga. "Nitamwambia."